Ryzen 5 5600 na Radeon RX 6600: uhakiki wa kompyuta ya gemu kwa mfuko mdogo

Anayenunua kompyuta ya gemu kwa hela ya kuhesabu huumizwa na majina zaidi kuliko vipuri vibovu. Prosesa za Ryzen 5 5500 na Ryzen 5 5600 zinatofautiana kwa tarakimu moja, lakini ya kwanza ina MB 16 za kumbukumbu ya ndani ya L3 na ya pili ina MB 32, na gemu hulihisi pengo hilo. Kadi ya picha ya RTX 3060 ipo ya GB 12 na ipo ya GB 8. Ile ya GB 8 imepunguziwa pia upana wa njia ya kumbukumbu, kutoka biti 192 hadi 128. GT 1030 iliuzwa ikiwa na kumbukumbu ya GDDR5, kisha 2018 likaja toleo la DDR4 lenye jina lilelile na kasi ya kumbukumbu iliyo karibu theluthi tu ya lile la kwanza. Muuzaji akikutajia jina bila namba hizi, bado hajakwambia anauza nini.

Seti tunayoipima hapa imekuwa kwa muda mrefu mlango wa kuingilia gemu za 1080p (skrini ya pikseli 1920 kwa 1080): prosesa Ryzen 5 5600, kadi ya picha Radeon RX 6600 ya GB 8, mazabodi (bodi kuu) ya B550 au A520, RAM ya DDR4 ya GB 16 katika vipande viwili, SSD ya NVMe ya TB 1 na pawa saplai ya wati 550. Si vipuri vipya. Kadi ilitoka Oktoba 2021, prosesa Aprili 2022. Uzee huo una faida yake: vipo vingi vilivyotumika, na udhaifu wake umeshajulikana kabla hujatoa hela.

Hukumu ni hii. Kwa skrini ya 1080p seti inatosha vizuri: gemu nyingi kubwa zinakwenda fremu 60 kwa sekunde au zaidi kwenye mipangilio ya kati hadi ya juu, na zile nyepesi za mashindano zinavuka 144 ukishusha mipangilio. Kwa 1440p inaanza kuhema. Kwa gemu zinazokokotoa mwanga kwa kufuata miale yake, usiihesabie chochote zaidi ya uwezo wa kuzifungua.

Kadi ya picha

Kati ya kila 100 utakazotumia kwenye mashine yenyewe, bila skrini na kibodi, 35 hadi 40 ziende hapa. Ukiona orodha ambayo prosesa inagharimu zaidi ya kadi, aliyeipanga alikuwa anapanga kompyuta ya kazi nyingine.

RX 6600 ina GB 8 za GDDR6 kwenye njia ya biti 128, inakula wati 132, na inahitaji kiunganishi kimoja tu cha pini 8. Mshindani wake wa bei, RTX 3050 ya GB 8, anakula karibu umeme uleule na anaachwa nyuma kwa robo ya fremu au zaidi katika gemu za kawaida. Hapa pana mtego wa kwanza mkubwa. Februari 2024 ilitoka RTX 3050 nyingine, ya GB 6. Ukisikia hivyo utadhani wamepunguza kumbukumbu tu, kumbe wamepunguza pia kori za kadi (2304 badala ya 2560) na njia ya kumbukumbu (biti 96 badala ya 128). Kadi hiyo ina kazi moja inayoifanya vizuri sana, nayo tutaifikia kwenye kompyuta za ofisi. Kwa mashine ya kuunda upya, iache.

Mtego wa pili ni RX 6500 XT. Kwenye boksi inaonekana ndugu mdogo wa 6600, na herufi XT zinaifanya ionekane hata kubwa. Ina GB 4, njia ya biti 64, na inawasiliana na mazabodi kwa njia nne tu za PCIe. Kwenye mazabodi ya PCIe 4.0 inavumilika. Kwenye ya PCIe 3.0, ambayo ndiyo wenye bajeti ndogo wengi wanayo, kasi ya mawasiliano inakatika nusu. GB 4 zikijaa, data inabidi ipite kwenye tundu hilo jembamba na picha inaanza kukwama. Isitoshe, haina sehemu ya kurekodi video, kwa hiyo anayetaka kurusha gemu lake mtandaoni ataibebesha prosesa mzigo huo. RX 6600 nayo haitumii njia zote 16, inatumia 8. Kwenye PCIe 3.0 inapoteza kidogo, mara nyingi asilimia chache, kwa sababu GB 8 zinaizuia isikimbilie RAM kila mara.

Ukiipata RTX 3060 ya GB 12 iliyotumika kwa bei isiyozidi sana ya RX 6600, ichukue. Fremu zake ghafi kwa 1080p zinakaribiana na za 6600, lakini ina kumbukumbu ya ziada, na ina DLSS, teknolojia ya Nvidia ya kukuza picha, ambayo ni safi kuliko FSR ya AMD inayotumika kwenye 6600. Toleo la FSR 4 lilipotoka 2025 lilitangazwa kwa ajili ya kadi za RX 9000. Mwaka huohuo AMD iliziweka kadi za vizazi vya RX 5000 na RX 6000 kwenye tawi lao la draiva, kando na kadi mpya. Huu ndio upungufu mkubwa wa RX 6600 leo: inafanya kazi, draiva zinatoka, lakini maboresho makubwa yanaelekezwa kwa wadogo zake.

Intel Arc B580 ya Desemba 2024 inavutia kwa GB 12 na njia ya biti 192. Tatizo ni kwamba draiva yake inaibebesha prosesa kazi nyingi, na ilipopimwa na prosesa za daraja la 5600 ilionekana kupoteza fremu ambazo na prosesa ya kasi haizipotezi. Pia inadai kipengele cha Resizable BAR, kinachoiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa pamoja, kiwe kimewashwa kwenye BIOS, yaani programu ya ndani ya mazabodi. Bila hicho inaporomoka. Kwa mwenye prosesa mpya ni kadi nzuri. Kuiunganisha na seti hii ni kulipia nguvu usiyoitumia yote. RTX 4060 na RX 7600 ni hatua moja juu ya 6600, zote za GB 8. Zinunue mpya ukiwa na nafasi, lakini usipunguze pawa saplai ili kuzifikia.

Kadi za zamani zaidi zina bei tamu na zinastahili macho makali. RX 580 ipo ya kawaida yenye kori 2304, na ipo inayoitwa RX 580 2048SP ambayo kwa undani ni RX 570. GTX 1060 na wenzake wa kizazi cha Pascal walipata draiva yao ya mwisho ya kuboresha gemu Oktoba 2025; baada ya hapo ni marekebisho ya usalama tu. Na kuna gemu ambazo kadi isiyo na vifaa vya kufuata miale haizifungui kabisa: Indiana Jones and the Great Circle ya 2024 na Doom: The Dark Ages ya 2025 ni mifano miwili. Hizo zinaziacha nje GTX 1660 Super na hata RX 5700 XT, kadi ambayo kwa nguvu ghafi inaisumbua RX 6600. Anayecheza gemu za zamani na za mashindano tu, 1660 Super bado itamtumikia.

Kadi iliyotumika usiilipie kabla hujaiona ikifanya kazi dakika 20 mfululizo. Fungua programu ya GPU-Z kwanza: ilinganishe idadi ya kori, aina ya kumbukumbu na upana wa njia na takwimu za mtengenezaji. Kuna kadi za zamani zilizobadilishwa programu yao ya ndani ili zijitambulishe kwa jina la kadi mpya, na GPU-Z huziandika neno la onyo mbele ya jina inapozitambua. Kisha washa FurMark au gemu zito, na HWiNFO, programu inayoonyesha joto, pembeni. Angalia mambo matatu: vidoa vya rangi au mistari kwenye picha (kumbukumbu inakufa), feni inayokwaruza au kusimama, na tofauti kati ya joto la kawaida la chipu na la sehemu yake yenye joto zaidi. Tofauti ikipita nyuzijoto 25 hivi, pesti ya kupitisha joto imekauka au kipozaji hakijakaa sawa. Hilo linarekebishika, lakini lipunguze bei. Kuchimba sarafu za kidijitali peke yake si sababu ya kuikataa kadi. Feni zilizochakaa na kumbukumbu iliyoiva kwa joto ndizo sababu.

Prosesa na mazabodi yake

Ryzen 5 5600 ina kori 6, nyuzi 12 (kazi 12 kwa wakati mmoja), MB 32 za L3 na PCIe 4.0. Inakuja na feni yake kwenye boksi, inayotosha ingawa ina kelele kidogo. Ikiuzwa bila boksi, ile inayoitwa ya trei, feni haimo. Jumlisha bei ya feni kabla ya kusema umepata nafuu.

Majina yanayoizunguka yanachanganya. 5500 ina nusu ya L3 na PCIe 3.0. 5600G ina nusu ya L3 na PCIe 3.0 pia, ila ina picha ndani yake. Ryzen 7 5700 bila herufi X, licha ya kori zake 8, ni ya ukoo huohuo wa MB 16, wakati 5700X ni ya MB 32. Kwa hiyo kwa gemu tupu, 5600 inaweza kuishinda 5700. 5500 si mbaya ukiipata kwa bei ya chini kwelikweli na kadi yako ni ya daraja la 6600. Itaanza kukubana ukipanda kadi, au ukicheza gemu za mashindano kwenye skrini ya 144Hz, ambako prosesa ndiyo inayoamua.

Upande wa Intel, Core i5-12400F ya 2022 iko daraja moja na 5600: kori 6, nyuzi 12, ingawa L3 yake ni MB 18. Chagua kwa bei ya jumla ya prosesa pamoja na mazabodi. Core i3-12100F yenye kori 4 na nyuzi 8 ni ya yule ambaye hela imeisha kabisa; inaendesha RX 6600 vizuri kuliko wengi wanavyodhani, lakini gemu jipya lenye watu wengi kwenye uwanja mmoja litaonyesha mikwamo. Herufi F maana yake hakuna picha ndani ya prosesa. 5600 na 5500 hazina pia, ingawa hazina herufi ya kukuonya. Mashine yenye prosesa hizi bila kadi haitoi picha yoyote, hata kama mazabodi ina tundu la HDMI.

Kwa mazabodi, A520 inatosha kazi hii. Ina PCIe 3.0, na hairuhusu kuipandisha prosesa kasi kupita ya kiwandani, jambo ambalo kwa 5600 halina faida ya kuhangaikia. B550 inakupa PCIe 4.0 kwa kadi na SSD ya kwanza, na kwa kawaida nafasi nne za RAM. Tofauti ya bei ikiwa ndogo, chukua B550. B450 iliyotumika inakubalika kwa sharti moja: uthibitishe toleo la BIOS. BIOS ya kabla ya kizazi cha 5000 haiitambui 5600. Feni zitazunguka, skrini itabaki nyeusi, na mtu atadhani ameuziwa prosesa mbovu. Tafuta mazabodi yenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa, au mwombe muuzaji aisasishe mbele yako. Ukienda na Intel, kumbuka H610, B660 na B760 zinatoka kwa matoleo mawili, la DDR4 na la DDR5, na RAM ya moja haiingii kwenye nyingine. H610 pia haipandishi RAM ya DDR4 zaidi ya 3200.

Je, uruke moja kwa moja kutoka AM4, soketi ya 5600, hadi AM5? Soketi hiyo ina maisha mbele. AMD imeahidi kuiendeleza hadi 2027 na zaidi, na Ryzen 5 7500F inaipita 5600 kwa uwazi. Lakini AM5 inakubali DDR5 tu, na tangu mwishoni mwa 2025 RAM imepanda bei vibaya kwa sababu viwanda vinaelekeza chipu kwenye vituo vya data vya akili bandia. Kama kwenda AM5 kunakulazimisha ushuke kutoka kadi ya GB 8 hadi ya GB 6, baki AM4. Kama kadi inabaki ileile, nenda AM5.

RAM na SSD

GB 16, vipande viwili vya GB 8, DDR4-3200 yenye CL16 (kipimo cha uchelewaji). Kipande kimoja cha GB 16 kinaiachia prosesa njia moja badala ya mbili, na athari yake huioni sana kwenye wastani wa fremu. Unaiona kwenye ile mikwamo ya ghafla unapogeuka haraka kwenye gemu. RAM iliyotumika ni salama kununua kuliko kipuri kingine chochote kwenye orodha hii. Iendeshe na MemTest86 mzunguko mmoja kamili, na ikitoa kosa hata moja, irudishe.

SSD ya NVMe ya PCIe 3.0 inasoma takriban MB 3,500 kwa sekunde, ya SATA takriban 550. Kwenye kufungua gemu nyingi tofauti ni sekunde chache, hivyo usilipie ziada kwa ajili ya PCIe 4.0. Lipia ukubwa. Gemu moja kubwa siku hizi linapita GB 100, na SSD ya GB 500 ikiisha kuwekewa mfumo inabaki na nafasi ya magemu matatu manne. Angalia aina ya chipu: TLC ni bora kuliko QLC, ambayo inaposhiba na akiba yake ya haraka kuisha, kasi ya kuandika inaweza kushuka hata chini ya diski ya kuzunguka. Baadhi ya SSD za bei nafuu huuzwa chini ya jina moja zikiwa na chipu tofauti ndani. Kingston NV2 inajulikana kwa hilo. Na SSD isiyo na jina inayodai TB 2 kwa bei ya GB 256 ni ya uongo: inajitangaza kubwa, ukiijaza inaanza kuandika juu ya data yako. Programu ya H2testw huifichua kwa kuandika mpaka mwisho na kusoma tena.

Pawa saplai

Hapa ndipo wengi hubana hela, na hapa ndipo kipuri kimoja kinaweza kuondoka na vingine vyote. Mashine hii ikiwa kazini kikamilifu haifiki wati 300. Kwa hiyo suala si wingi wa wati zilizoandikwa ubavuni.

Soma kibandiko. Tafuta mstari wa 12V, chukua ampea zake, zidisha kwa 12. Prosesa na kadi vyote vinakula kutoka mstari huo. Pawa saplai ya kweli ya wati 550 itaonyesha kama ampea 45, yaani wati 540. Ile iliyoandikwa 500 kwa maandishi makubwa, ikiwa na ampea 25 kwenye 12V, ni ya wati 300, na hata hizo 300 huenda isizitoe kwa muda mrefu. Alama ya 80 Plus inapima ni umeme kiasi gani unapotea kuwa joto. Haipimi ubora wa vipuri vya ndani wala ulinzi, ingawa kukosekana kwake kabisa ni ishara mbaya. Kinachoeleza zaidi ni urefu wa waranti. Mtengenezaji anayetoa miaka 5 amehesabu kwamba haitamrudia. Anayetoa miezi 12 naye amehesabu.

Nyuma ya pawa saplai dhaifu mara nyingi kuna swichi nyekundu ya 115 na 230. Panapotumika umeme wa volti 220 hadi 240, swichi hiyo ikiwa kwenye 115, mlio mmoja na moshi ndio mwisho wake. Pawa saplai nzuri za sasa zinajirekebisha zenyewe kati ya volti 100 na 240 na hazina swichi hiyo.

Mambo mawili zaidi, na yote huua vipuri. Kwanza, usitumie kigeuzi kinachotoa umeme kwenye kiunganishi cha SATA kwenda pini 8 za kadi. Kiunganishi cha SATA kimepangiwa ampea 4.5 kwenye 12V, sawa na wati 54, na kile cha pini 8 kinaruhusiwa kuvuta 150. Plastiki inayeyuka. Kama pawa saplai haina pini 8 ya PCIe, hiyo haikukusudiwa kuendesha kadi. Pili, nyaya za pawa saplai zinazochomoka ni za pawa saplai hiyohiyo. Mpangilio wa pini upande wa pawa saplai haufanani kati ya watengenezaji, na wakati mwingine haufanani hata kati ya modeli za mtengenezaji mmoja. Waya wa kuazima unaingia bila shida na kupeleka volti 12 mahali pa volti 5. SSD hufa papo hapo.

Pawa saplai ndicho kipuri pekee ambacho tunashauri kisinunuliwe kikiwa kimetumika.

Kasha

Uso wa mbele uwe wa wavu, pawepo na feni mbili za kuingiza hewa mbele na moja ya kutoa nyuma. Kioo cha mbele kilichofungwa kinapendeza kwenye picha na kinapika kadi. Pima urefu wa kadi na nafasi ya ndani kabla ya kulipa.

Njia ya kompyuta ya ofisi

Kama bajeti haifiki hata nusu ya seti hii, kompyuta ya ofisi iliyotumika kama Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre ni chaguo la heshima. Usishuke chini ya Core i5 ya kizazi cha 8. i5-8500 ina kori 6 na inakubaliwa na Windows 11. I5-6500 na 7500 zina kori 4 bila nyuzi za ziada, hazimo kwenye orodha ya Windows 11, na Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025.

Sasa ile RTX 3050 ya GB 6 inapata kazi yake: inakula wati 70, na nafasi ya PCIe yenyewe inatoa hadi 75, kwa hiyo haihitaji waya wa ziada ambao pawa saplai za ofisi kwa kawaida hazina. Kasha likiwa jembamba, tafuta toleo fupi la kadi lenye bamba fupi la nyuma. Shida ya njia hii ni kwamba haina mbele: mazabodi na pawa saplai mara nyingi zina viunganishi vya kampuni yenyewe, kwa hiyo huwezi kubadilisha kimoja bila kingine. Nunua kama mashine iliyokamilika. Na kagua RAM. Nyingi zinakuja na kipande kimoja cha GB 8, nawe utaongeza cha pili.

Kuunganisha, na yanayokwama

Anza nje ya kasha, mazabodi ikiwa juu ya boksi lake. Weka prosesa ukilinganisha pembetatu ndogo na ya soketi. Kwenye AM4 pini ziko kwenye prosesa na zinapinda kwa kugusa tu. Kwenye mazabodi ya nafasi nne, RAM iende nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, isukumwe mpaka kishikizo kilie. Unganisha waya wa pini 24 na ule wa prosesa wa pini 8. Huu wa prosesa unagawanyika 4 na 4, wa kadi unagawanyika 6 na 2. Ukiona haingii kwa wepesi, umeshika usio wake. Mashine ikiwaka na kuonyesha BIOS hapo mezani, ndipo uipeleke kwenye kasha. Hesabu vikalio vya shaba chini ya mazabodi: kimoja kikikaa pasipo na tundu la skrubu, kitagusa nyaya za chini na mashine haitawaka.

Feni ya AM4 ikibidi kuiondoa baadaye, washa mashine dakika kumi ipate joto, izime, kisha izungushe feni taratibu kulia na kushoto kabla ya kuinua. Ikivutwa ikiwa baridi, pesti huing'oa prosesa kutoka kwenye soketi iliyofungwa, na pini zinapinda.

Skrini nyeusi mara ya kwanza mara nyingi ina sababu za kawaida: waya wa skrini umechomekwa kwenye mazabodi badala ya kadi, RAM haijaingia hadi mwisho, waya wa prosesa umesahauliwa, au BIOS ni ya zamani. Jaribu kipande kimoja cha RAM kwenye nafasi ya pili. Kwa BIOS ya zamani, rudi kwenye kitufe cha flashi.

Ikiwaka, ingia BIOS uwashe XMP, mpangilio unaoipandisha RAM hadi kasi iliyoandikiwa, ambayo baadhi ya mazabodi za AMD huiita DOCP. Bila hiyo RAM uliyoilipia 3200 itaendelea kwa 2133 au 2400 miaka yote. Washa Resizable BAR. Ndani ya Windows fungua mipangilio ya skrini uchague 144Hz wewe mwenyewe, kwa sababu mara nyingi inaanza na 60.

Siku ya kupandisha daraja, AM4 bado ina ngazi moja nzuri juu ya 5600: Ryzen 7 5700X3D ya 2024, yenye kori 8 na MB 96 za L3. Inaingia kwenye soketi ileile baada ya kusasisha BIOS, lakini haiji na feni. Ukianza na kadi, RX 9060 XT na RTX 5060 Ti zote zinauzwa za GB 8 na za GB 16 kwa jina moja, kwa hiyo soma boksi mpaka mwisho. Kagua pia pawa saplai yako ina viunganishi vingapi vya pini 8, na kadi unayoitaka inataka vingapi.